Bi Mkubwa Anakoroma

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, na fundi wa kompyuta akikupenda hakuletei maua. Anakuletea feni. Nina droo nzima ya feni za kompyuta, kubwa kwa ndogo, na sijaitupa hata moja kwa sababu nami nina moyo.

Mimi nahariri video za harusi. Nakata hotuba za wajomba, naficha miayo ya wazee, namrudishia bibi harusi tabasamu lake pale machozi yalipozidi. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kwa kompyuta moja, ile aina ambayo kila kitu kimo nyuma ya kioo: hakuna sanduku pembeni wala rundo la waya. Nyumbani aina hiyo tunaiita mwili mmoja. Yangu ilipozeeka ikaanza masharti. Asubuhi sharti iachwe ijikusanye kwanza. Mchana ikipata joto inagoma katikati ya nyimbo. Tukaipa jina, Bi Mkubwa, na kwa kuwa amepata jina tukawa tunamtaja kama mtu: kaamka, kachoka, kanuna.

Kisha Mama akaja kutolewa mtoto wa jicho. Mama ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, na alichostaafu ni mshahara tu, kusahihisha hajaacha. Akiona tangazo la duka limekosewa, anaingia dukani. Tukampa chumba changu cha kazi, meza yangu kubwa tukaitoa, na Bi Mkubwa akahamia kimeza cha pembeni sebuleni. Jina lake nalo tukalishusha, tukawa tunalitaja kwa kunong'ona. Si adabu kuiita mashine Bi Mkubwa wakati mwenye cheo chake yuko chumba cha pili.

Jicho likapona, na mimi raha ikaniisha. Baba alikwisha kututoka, nyumba yake Mama ilikuwa tupu, na nilitaka akae kwangu moja kwa moja. Sikumwambia. Nilidhani anajua. Lakini kila alipopigiwa simu na mama mdogo nilimsikia akisema, "Nipo, mdogo wangu, niko huku kwa watu. Nikiruhusiwa na daktari narudi." Kwa watu! Mimi kitindamimba wake, niliyenyonya mpaka watu wakasema, leo ndiye watu. Nikilalamika ananijibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," huku ameshika ufagio wangu.

Siku moja Bi Mkubwa akazimika katikati ya viapo. Bwana harusi kafungua mdomo, hajasema ndiyo, kioo kikawa cheusi. Mchana ule mimi na Fundi tukakaa sebuleni kujadili kompyuta mpya. Mama alikuwa amejilaza chumbani, mlango umerudishwa tu.

"Tununue mwili mmoja mwingine," nikasema. "Meza ni hiyo hiyo, waya mmoja, basi."

"Mke wangu, utalipia umbo." Akanionyesha simu yake. "Soma majina ya prosesa hizi mbili. Ukoo mmoja, namba zinafanana. Sasa angalia herufi ya mwisho. Hii ni bongo la laptopu. Nyuma ya kioo hakuna pa kupumulia, ndiyo maana wanaweka lisilopata joto haraka, yaani lisilokimbia sana. Halafu limechomelewa, hulitoi. Nikikuungia mwenyewe, kwa pesa ile ile unapata bongo zima la kukimbia, na likichoka tunaweka jingine."

"Na kioo je? Kwenye hesabu yako ya kuunga, kioo kiko wapi? Kamera? Spika? Kwenye mwili mmoja vyote vimo. Unalinganisha nyumba na tofali."

Akajikuna kichwa. Hapo nilimpata.

"Kioo kinaongezeka, kweli," akakubali. "Lakini kioo kizuri kinazika mabongo matatu."

"Na sanduku lake nitaliweka wapi? Kwenye hiki kimeza? Sitaki kompyuta ya kuungaunga. Maisha yenyewe tunaungaunga."

Fundi akageukia pembeni, akashusha sauti kwa heshima zote. "Muone Bi Mkubwa. Jicho lake zima, safi kabisa. Bongo ndilo limechoka. Anasahau, anapata joto, anakoroma kutwa. Na alivyo, huwezi kumtengeneza."

"Najua," nikanong'ona. "Namwonea huruma. Lakini nafasi ni hii moja tu. Mpya akija, yeye hana budi kuondoka."

"Niachie mimi. Kuna jamaa mtaani anawapokea waliochoka."

Asubuhi yake nikamkuta Mama ameketi sebuleni, viatu vya safari mguuni, begi pembeni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwangu. Jicho limepona, nimewashukuru, Mungu awazidishie." Alikuwa na ile sauti ya kufungia shule. "Na mumeo asijisumbue kunipeleka kwa jamaa yake. Njia ya kwangu naijua."

"Jamaa gani?"

"Anayewapokea waliochoka bongo."

Fundi alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha chai. Akasimama. Chai ikaendelea na safari yake mpaka kwenye shati.

"Mama!" nikapiga kelele. "Ilikuwa kompyuta!"

Akanitazama kwa jicho lake jipya. "Kompyuta iko ngeli gani?"

"I-ZI," nikajibu hapo hapo, nimenyooka kama nimesimamishwa darasani.

"Kwa hiyo kompyuta hufanya nini?"

"Inakoroma. Zinakoroma."

"Mimi nilisikia anakoroma. Nimefundisha upatanisho wa sarufi maisha yangu yote. Nikisikia a-, najua hapo pana mtu. Na Bi Mkubwa humu ndani ni nani?"

Fundi akaenda pembeni na shati lake la chai, akabonyeza swichi. Bi Mkubwa akajikusanya, akakohoa, kisha feni yake ikaunguruma kwa pumzi ndefu, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. "Shikamoo Mama," akasema mume wangu, masikini, hajui pengine pa kuanzia. "Huyu ndiye... Hii ndiyo Bi Mkubwa."

Mama akasikiliza. Bi Mkubwa akakoroma tena. Mabega ya Mama yakaanza kutikisika, na kicheko kilipomtoka kilitoka chote, mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho. Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa hofu iliyokuwa inanitoka.

Kisha akakunja kile kitambaa.

"Lakini mwanangu, yalinienea. Hakuna hata neno moja lililonibana. Nasahau. Juzi nimetia chumvi kwenye chai, mkanywa mkanyamaza. Nakoroma pia, marehemu baba yako alikuwa akinambia. Nikasema moyoni, hawa watoto hawajanisingizia, bora nijiondoe mwenyewe kabla sijaondolewa."

Nikalikalia lile begi. Nilikuwa sina njia nyingine ya kulizuia.

"Mama, sitaki urudi," nikasema. "Nimetaka kukuambia tangu siku ulipofunguliwa jicho, nikadhani unajua. Nataka ukae hapa. Koroma. Sahau. Tia chumvi chai mpaka tuizoee. Kompyuta mpya naitafuta, mama mpya sitafuti."

Mama akamtazama mkwewe, na mkwewe hayupo. Tulisikia droo ikifunguliwa, vitu vikigongana, kisha akarudi ameshika feni ndogo nyeusi, ameitengenezea kijiti cha kusimamia na waya wa kuchomeka ukutani.

"Chumba chako kina joto mchana, Mama," akasema akitazama vidole vyake vya miguu. "Niliiunga wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja siku nzuri."

"Mama," nikamwambia, "umepewa maua."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaipuliza mapanga yakazunguka. Halafu akavua viatu.

Chai ilipopikwa tena, kwa sukari na kwa mkono wangu, alidai aelezwe yale mabishano tangu mwanzo. Fundi akamsomea majina ya prosesa zote mbili.

"Tofauti ni herufi ya mwisho tu?"

"Herufi moja tu, Mama."

"Basi mnashangaa nini? Herufi moja inatosha kugeuza baba kuwa bata." Akanigeukia. "Na wewe kinachokuzuia ni meza. Meza yako kubwa irudi chumbani. Sanduku lake likae chini. Mimi silali mezani."

Kikabaki kioo, ile hoja yangu niliyokuwa nimeikumbatia. Fundi akamfungua Bi Mkubwa taratibu, akakitenga kioo na lile bongo lililochoka, akakitafutia kibao kidogo cha umeme cha kukiendesha. Kikawaka safi, kama alivyosema. Kwa jamaa hatukumpeleka. Hesabu yangu ikafa hapo, kwa kuwa kioo kimepatikana nyumbani na pesa yote ikaenda kwenye bongo. Viapo vilivyonigomea vikamalizika kabla kahawa yangu haijapoa. Nilimwambia Fundi ameshinda, naye akajifanya hajasikia ili nirudie.

Sasa tunakaa chumba kimoja mchana, mimi nahariri, Mama anasoma maandishi niliyoweka kwenye video na kuyasahihisha, wateja wanadhani nimeajiri mtu. Kompyuta ya kuunga ina feni kubwa inayozunguka polepole, huisikii. Anayekoroma chumbani humo ni mmoja tu, baada ya chakula, na ngeli yake ni A-WA.

Juzi mama mdogo alipiga simu. Anataka kununua kompyuta ya duka lake, na anamtaka dada yake arudi, nyumba inakaa bure. Nilisimamisha mjomba wa watu katikati ya hotuba nipate kusikia.

"Usikurupuke na vioo vizuri," Mama alikuwa anamfundisha, feni ndogo ikimpepea kitambaa cha kichwa. "Muulize muuzaji herufi ya mwisho. Akibabaika, toka dukani." Akasikiliza kidogo. "Kurudi? Nitakuja kukusalimia, mdogo wangu, siku mbili. Zaidi ya hapo siwezi. Kwetu wataninung'unikia, na mimi kukaa sana kwa watu sijazoea."