Kibandiko Kisichobandikwa

Kwenye kiwanda chao cha uchapaji walimwita Mzee Wino, na hata alipostaafu jina hilo lilimganda kama doa la kidole gumba. Zawadi aliyompa mkewe walipooana ilikuwa bahasha nene ya vibandiko alivyovichapa mwenyewe: karatasi ndogo zenye picha ya dirisha lililo wazi na, chini yake, jina la bibi harusi. Vilikuwa vya kubandika ndani ya jalada, ili kitabu kikiazimwa kisisahau kwao.

Mke alivipenda, ila akajiwekea sharti. Kitabu hakipati kibandiko mpaka akimalize. Kile anachokisoma, kibandiko chake hukaa katikati ya kurasa, kikisubiri gundi.

"Na kikikushinda?" mumewe alimtania.

"Basi si changu. Nitakuwa nakisingizia."

Mke alipofariki, binti yao alikuja kupanga nyumba. "Baba, hivi vitabu vinakusanya vumbi tu. Nivitoe?"

Siku zile hata kuulizwa chai kulimwelemea. "Fanya unavyoona, mama," akajibu.

Vikaenda vyote, pamoja na kile kilichokuwa kando ya mto wa marehemu. Rafu zilipobaki tupu ndipo moyo ulipomshtuka: mkewe aliondoka akiwa bado anasoma. Alitaka kukimalizia kitabu hicho kwa niaba yake, basi, hana jingine. Lakini jina la kitabu hakuwahi kuliuliza.

Akamuuliza binti alikovipeleka, akaenda hadi duka hilo la vitabu vya mitumba. Muuzaji, dada mchangamfu mwenye kalamu kwenye nywele, alisikia habari ya dirisha tu akaruka.

"Shikamoo baba, hivi hapa! Nilivitenga. Nikasema, huyu mama alipendwa, mimi hata kadi sijawahi kupewa."

Mzee Wino akafungua kimoja kimoja, akipapasa madirisha. "Hivi alivimaliza, mwanangu. Natafuta kisicho na kibandiko."

"Baba, duka zima halina kibandiko!"

"Chake hakijabandikwa, kitakuwa kati ya kurasa."

Tabasamu likamwisha yule dada. Dukani pale kila kitabu kikiingia hushikwa mgongo na kukung'utwa juu ya beseni, tiketi, picha na maua makavu yadondoke. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kopo la biskuti. Kibandiko kilikuwamo, hakijaonja gundi.

"Nilikikung'uta mwenyewe. Kilitoka kitabu gani, sijui. Nisamehe, baba."

"Ungejuaje?"

Kutoka nyumbani kwake vilikuja vitano tu visivyo na kibandiko, navyo vilikuwa bado kwenye boksi. Kimoja kilikuwa kikisomwa, vinne vilikuwa vikingoja zamu. Wakavipekua wote wawili wakitafuta pembe iliyokunjwa, tone la chai, chochote. Marehemu alikuwa mtu wa mikono misafi.

"Chagua unachokipenda ubandike," dada akasema taratibu. "Nani atajua?"

"Mimi." Akakitia kibandiko mfukoni mwa shati. "Nifungie vyote."

"Vitano? Baba, hiki ni cha kufuga nyuki!"

"Basi tutafahamiana na hao nyuki."

Alasiri hiyo alikaa kwenye kiti chake, karibu na upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, akaanza na nyuki. Kusoma hakukuwa kwake. Maisha yake yote aliziona herufi kinyumenyume, zile za risasi za kupangia chapa, na akasoma karatasi za wengine akiwinda makosa, si maana. Sasa alikwenda polepole, midomo ikimcheza, na mara mbili akajikuta anatafuta kalamu asahihishe koma.

Ukurasa wa tatu, mwandishi alieleza kwamba dume la nyuki halina kazi mzingani ila kula na kusubiri kuitwa. Mzee Wino akaangua kicheko.

"We, umeona hapa!" akageukia kitandani.

Shuka lilikuwa limenyooka. Akaliangalia muda, kidole kikiwa pale pale kwenye mstari, asije akaupoteza. Kisha akajikohoza, akausoma tena kwa sauti, safari hii polepole zaidi, kama anayemsomea mtu aliye chumba cha pili.