Maksai wa Raheli Kwenye Kinu cha Halfani

Njia nzima kutoka Chamwino Raheli alijiambia kwamba hatashangaa kitu. Mjane mwenye watoto wanne na maksai wawili haendi mjini kushangaa. Maksai hao ndio waliosalia baada ya ukame, na mvua ikikosa tena ndio chakula cha nyumba yake. Halfani, mkamuaji mafuta kutoka Kondoa, alikuwa amemtumia salamu: awalete, naye atampa nusu ya kinu chake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu garimoshi la Wajerumani lifike Dodoma. Vibarua wa reli walikuwa wengi na wote walitaka mafuta ya kupikia.

Kisha akakiona kinu, na kiapo chake kikaishia hapo. Lilikuwa gogo zima la mti, nusu limezikwa ardhini, tumbo limechimbwa. Ndani yake ulisimama mchi mnene kuliko paja la mtu, na kutoka kwenye mchi ilitoka boriti ndefu ya kufungia mnyama. Halfani akamfunga maksai mmoja kwa majaribio, akamziba macho kwa kitambaa cha kaniki asipate kizunguzungu, akamwaga ufuta.

Maksai akazunguka. Kinu kikalia kwa sauti nzito ambayo Raheli aliisikia kwenye nyayo. Mbegu, ndogo kama viroboto, zikapondeka, zikawa uji mweusi, uji ukaanza kung'aa. Halafu mafuta yakatoka, polepole, ya rangi ya asali, bila moto wala maji. Raheli akatia kidole, akakiinua kwenye jua, akasahau kukishusha.

Alipokishusha, alijiuliza kwa nini mtu agawe kitu kama hiki, akauliza.

"Bwana Halfani, unadaiwa kiasi gani?"

Halfani akasema ni kidogo tu.

"Nimetembea siku nzima. Usinijibu kidogo."

Hesabu ikatoka: rupia mia na ishirini za Mustapha mwenye duka, aliyemkopesha ufuta, na arobaini za fundi aliyechonga kinu. Mwezi mzuri ulimwachia rupia kumi. Mwaka na miezi minne, Raheli akapiga hesabu, na hapo hajala mtu.

"Na kabla ya leo kinu kilizungushwa na nani?"

"Na punda wangu. Mustapha alimchukua kwa deni."

"Akirudi atachukua nini?"

Halfani akamtazama maksai.

Raheli akakitazama kinu tena. Alikitaka, na hilo ndilo lililomtisha. Lakini mwenye nusu ya kinu ni mwenye nusu ya deni. Akakumbuka wanavyofanya Wagogo wenzake. Mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Huwagawa kwa marafiki wa mbali, ugonjwa usije ukawamaliza kwa siku moja. Rafiki hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na alama za masikioni ndizo shahidi.

"Kinu chako, deni lako," akasema. "Maksai huyu atakaa kwako kama ng'ombe kwa rafiki. Nguvu zake ni zako, mwili wake ni wangu. Mimi nitachukua vibuyu vinne vya mafuta kila mwezi. Mwenzake narudi naye nyumbani."

"Mama, wewe ungefaa kukusanya kodi bomani," Halfani akasema, lakini alikubali.

Raheli akaenda dukani moja kwa moja, akamleta Mustapha mwenyewe.

"Papasa sikio hili la kushoto, bwana. Mikato miwili. Usije ukaniambia hukuijua."

Mwezi wa tatu wa mapatano hayo Mustapha alikuja na askari wa boma kuchukua mali kwa deni lake. Raheli alikuwa pale, amefuata vibuyu vyake. Askari akashika kamba ya maksai, akauliza ni wa nani. Raheli akamgeukia Mustapha.

Mustapha akalipapasa sikio. Akaihesabu mikato kwa kidole, mmoja, wa pili.

"Wa mama huyu," akasema.

Akalizunguka gogo, akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Bila maksai lilikuwa kuni zisizobebeka. Akamwambia Halfani aendelee na kazi, yeye atalipwa kwa mafuta, mwezi kwa mwezi, hata ikichukua miaka miwili.

Maksai akaanza kuzunguka. Mafuta yalipochungulia, askari aliiachia kamba, akachutama kando ya Mustapha. Raheli, aliyekwisha kuyaona mara tatu, alijikuta ametia kidole tena.