Yai Lililonyamaza

Je, umewahi kuliweka sikioni yai ambalo kesho yake litatoa kifaranga? Si yai la kukaanga, hilo ni bubu tangu kutagwa. Ni lile lililolaliwa na kuku mpaka likawa na joto kama shavu la mtoto aliyeamka usingizini. Ukilisikiliza, kwanza utasikia tok, tok, mtu anagonga kutoka ndani, halafu pii, sauti nyembamba kama uzi unapochomolewa kwenye kitambaa kipya.

Nabalayo alijifunza kusikiliza mayai kwao Kimilili, upande wa Kenya, angali msichana mdogo. Mama yake alimwambia: siku za mwisho za kuatamia, chukua yai moja moja, weka sikioni. Linalolia, rudisha. Lililo kimya ni viza, katupe mbali, maana likipasukia chini ya kuku litanuka mpaka mwenyewe akimbie kiota. Kazi hiyo aliendelea nayo vilevile hata alipoolewa na Obwona, Mwacholi, polisi, wakakaa katika nyumba za polisi kule Luzira, pembeni mwa Kampala, kwenye mteremko ambao ukisimama mlangoni unaliona ziwa na mapaa ya bandari ya Port Bell.

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba, wakati wa utawala wa wanajeshi walioipindua serikali mwaka wa sabini na moja. Sukari ilikuwa haionekani. Sabuni ilikatwa vipande vidogo na kuuzwa kwa kunong'onezana. Takataka zilirundikana kila kona kwa kukosa gari la kuzizoa, na mwewe walikuwa wameongezeka angani mpaka ungedhani wamehamishiwa Kampala kikazi. Kwa hiyo kuku wa Nabalayo ndio waliokuwa mboga, ndio chumvi, ndio mafuta ya taa, na aliwajua mmoja mmoja kwa tabia zao. Mwanzoni alikuwa na wale weupe wa kizungu, wazuri, weupe kama shuka za hospitali ya Mulago. Mwewe aliwamaliza. Weupe wale, hata kivuli kikiwapitia mgongoni, waliendelea kudonoa tu kama watu walio karamuni. Wakabaki wa kienyeji, wenye rangi ya udongo na majani makavu, shingo hazitulii.

"Mwewe amenichagulia kuku," Nabalayo alizoea kusema, akicheka. Hakujua kwamba amesema neno kubwa.

Ijumaa moja asubuhi alichuchumaa kwenye kibanda, mkono wake chini ya koo mwenye madoadoa aliyekuwa akiatamia, naye koo akimdonoa kidogo kidogo, si kwa hasira, ni kwa kutimiza wajibu. Akatoa yai, akaliweka sikioni. Tok. Pii, pii. Akatabasamu.

Mara mtetea mwingine aliyekuwa akichakura karibu na ukuta akatoa ile sauti ndefu, kavu, ya kukwaruza: kraaaa! Kivuli cha mwewe kikateleza juu ya ua. Kuku wote wakaganda palepale, mmoja mguu ukiwa bado hewani.

Na yai likanyamaza.

Nabalayo akafikiri ameliminya. Akalitikisa kidogo. Wapi! Akalihamishia sikio la pili. Kimya, kimya cha jiwe. Mkono wake ukaanza kunyanyuka wenyewe kwenda kulitupa, kama ulivyofundishwa. Lakini akangoja. Mwewe akazunguka, akazunguka tena, akaelekea ziwani. Yule mtetea akakung'uta manyoya yake, akarudi kuchakura. Ndipo kutoka ndani ya yai, polepole, kama mtu anayechungulia kwa mlango ulioachwa wazi kidogo: pii?

Vinyweleo vikamsimama. Kitu kile hakijaona jua. Hakijui mwewe ni nini, hakijui hata juu ni upande gani. Nani amekiambia?

Na yale mayai yote aliyoyatupa maishani mwake, akawaza, mangapi yalikuwa viza kweli, na mangapi yalikuwa yamenyamaza tu?

Alasiri alipita Mwalimu Erinayo kuchukua mayai yake ya kula. Alikuwa akifundisha sayansi shule ya sekondari, mwembamba, miwani yake imefungwa waya sikioni, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu Nyani kwa sababu aliwafundisha watoto kwamba binadamu na nyani wana bibi mmoja wa zamani sana. Alimkuta Nabalayo ameketi kizingitini, yai sikioni.

"Nyabo, umepata stesheni gani hiyo?"

"Cheka tu, Mwalimu Nyani. Njoo kwanza usikie maajabu ya Mungu."

Akamsimulia yote, mpaka ule mguu wa kuku uliobaki hewani. Erinayo hakucheka tena. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Banange! Haya nimeyasoma," akasema, "lakini sijawahi kumwona aliyeyasikia."

"Basi niambie. Nani alimfundisha?"

"Hakuna. Sikiliza. Fikiria zamani kabisa, kabla kuku hajawa wa mtu. Mama analia hatari. Katika kiota hiki, vifaranga wananyamaza ndani ya mayai. Katika kile, wanaendelea kupiga kelele zao. Kenge yuko kwenye majani, ana njaa. Anakwenda kiota gani?"

"Kwenye kelele, bila shaka."

"Nani anabaki kuja kutaga?"

"Walionyamaza."

"Na watoto wao?"

Nabalayo aliwakumbuka kuku wake. Aliwaona wale kuku weupe wakidonoa chini ya kivuli. Aliwaona wa rangi ya udongo, shingo juu. Vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake miaka yote vilisogeleana vyenyewe, kama watu wa familia moja wanaotambuana msibani.

"Mwewe amenichagulia kuku," akasema taratibu.

"Haswa! Yeye, na kenge, na baridi, na njaa. Hakuna aliyekaa chini akapanga. Wasiosikia hawakuacha wajukuu, basi, ni hivyo tu. Vizazi na vizazi, huwezi kuvihesabu, mpaka unapata huyu hapa, anajua kunyamaza kabla hajajua kupumua vizuri."

"Kwa hiyo anakumbuka?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Hapana. Yeye hakumbuki chochote. Waliopona ndio waliomtengeneza hivyo. Hata sisi. Mtoto wako Akullo alipokuwa mchanga, akishtuka, hakurusha mikono yote miwili kama anayetafuta pa kushika?"

"Alirusha."

"Alikuwa anatafuta manyoya ya mama. Na mama hana manyoya tena tangu zama za kale."

"Haya, umeshanirudisha kwa nyani wako!" Nabalayo alimpiga begani kwa kanga. Lakini alijitazama mikono, akaigeuza, akaitazama tena, kama mikono ya mgeni mheshimiwa aliyeingia bila kubisha.

Wakati huohuo gari la kijeshi likasimama barabarani, chini ya mteremko. Injini ikazimwa. Pale uani Akullo, mwenye miaka mitano, alikuwa akicheza vizibo vya soda na watoto wenzake, wakigombana kwa sauti kubwa. Wakanyamaza wote kwa pamoja. Hakuna mtu mzima aliyesema neno. Mkono wa Akullo ulibaki hewani na kizibo chake. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameacha mdomo wazi.

Injini ikawaka, gari likaondoka. Baada ya kitambo mtoto mmoja akasema, "Ni zamu yangu," kelele zikaanza upya.

Erinayo alivua miwani, akaipangusa. "Kuogopa gari amejifunza hapa kwetu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kule kuganda, Mama Akullo, alizaliwa nako."

Jioni ile Obwona aliporudi kutoka gereji ya polisi, alikula kidogo. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama kabati, na sifa yake Luzira nzima ilikuwa moja: huyu haogopi kitu. Sifa hiyo aliianzisha Nabalayo mwenyewe, siku walipojuana. Fahali alikata kamba karibu na bandari, watu wakatawanyika, na Obwona akasimama katikati ya njia, akamshika pembe. Nabalayo, msichana mgeni aliyekuja kuuza mitumba, alisema mbele ya watu wote, "Mimi mwanamume kama huyu nitamfuata hata kwa miguu." Na akamfuata.

"Ongom hapana kuja kazi," Obwona alisema sasa. Ongom alikuwa fundi mwenzake, wa kwao kaskazini, kwa Wacholi na Walango, watu ambao wanajeshi walikuwa wakiwachukua na hawarudi. "Baiskeli yake iko pale kwa ukuta. Yeye hayuko."

Nabalayo aliweka kijiko chini.

"Halafu wametangaza. Jumatatu, polisi wote Wacholi na Walango, tuende gwaride, uwanja wa kambi. Na yunifomu safi."

"Wacholi na Walango tu?"

"Tu."

Kaka yake Nabalayo, Wanjala, alikuwa mjini wiki hiyo na lori lake akinunua samaki wakavu wa kupeleka Busia. Alikuwa ameshasema waziwazi: "Shemeji, Jumamosi mchana napita hapa. Nyuma ya magunia pana nafasi ya watu watatu. Mtanuka samaki, lakini mtafika." Nabalayo akayarudia maneno hayo polepole, asimkazie macho mumewe.

"Mimi polisi," Obwona alijibu. "Polisi hapana kimbia. Na huko nitakaa wapi? Kwa mama mkwe? Asubuhi yeye anatoka kwenda choo, mimi natoka kwenda choo, tunakutana njiani uso kwa uso! Mimi nitaruka kwa migomba?"

Nabalayo alicheka. Kwao na kwa Wacholi pia, mkwe na mama mkwe hawasogeleani ovyo, na mwanamume anayehamia kwa wakwe hutungiwa majina.

Lakini jambo moja alikuwa amelishika miezi mingi. Kila Wanjala alipokuja, Obwona alimuuliza: huko Kimilili mvua imenyesha? Barabara ya Busia siku hizi iko vipi, wanasimamisha magari sana? Lile shamba la mama, nani analima? Akishauliza, ananyamaza. Maswali yake yalizunguka neno moja tu kama mwewe anavyozunguka ua, bila kutua. Nabalayo hakutaka kumtamkia neno hilo. Kama angelitamka yeye, Obwona angekataa, ili aendelee kuwa mshika fahali.

Jumamosi mchana Obwona alikaa uani juu ya kigoda, anapiga buti zake rangi kwa ajili ya Jumatatu. Chini ya koo mwenye madoadoa vifaranga walikuwa wameshaanguliwa, manyoya mabichi bado. Yai moja tu lilibaki, lenye ufa mwembamba. Nabalayo alilichukua, akaenda nalo kwa mumewe.

"Shika. Weka sikioni."

"Mimi nafanya kazi."

"Weka tu, Baba Akullo."

Akaliweka, brashi mkono wa pili. Uso wake mkubwa ukafunguka polepole. "Hee! Hii iko na mtu ndani! Anapiga hodi!"

"Endelea kusikiliza."

Hawakungoja sana. Mwewe wa Luzira hawakosi kazi. Karibu na ukuta mtetea akakwaruza sauti yake, kraaaa, kivuli kikapita juu ya buti zilizong'aa. Koo akatanua mabawa, vifaranga wakazama chini yake, ua mzima ukaganda.

Nabalayo hakuwatazama kuku. Alimtazama mumewe. Brashi ilikuwa imesimama hewani. Pumzi ilikuwa imekatika kifuani. Macho yalikuwa yamehama kwenda barabarani, kule magari husimama, si angani. Yai na mtu, wote wawili kimya, ubavu kwa ubavu, na yeye akaona kitu kile kilekile kimekaa ndani yao, cha kale kuliko serikali, kuliko polisi, kuliko hata watu. Akapata hamu ya kupiga magoti.

"Imekufa," Obwona alinong'ona. "Mimi nimeua."

"Halijafa. Ngoja."

Wakangoja. Mwewe akaondoka na upepo wa ziwani.

Pii?

Obwona alishusha yai, akalitazama kiganjani. "Nani ameambia hii mambo ya mwewe?"

"Hakuna. Mwalimu anasema wale waliosikia hofu yao ndio waliobaki wakazaa. Wewe na mimi pia. Babu zako wote, Baba Akullo, mmoja baada ya mwingine mpaka kule mwanzo kabisa, walijua siku ya kusimama na siku ya kujificha. Asiyejua hakufika kwako."

Obwona aliligeuza yai kiganjani. Akullo alikuja, akamwegemea goti, akaweka sikio lake dogo kwenye yai lililo mkononi mwa baba.

"Wewe ulinipenda sababu mimi sikukimbia ng'ombe," Obwona alisema hatimaye.

"Yule ng'ombe alikuwa amechoka, jamani! Ametembea toka Ankole. Hata mimi ningesimama."

Obwona alicheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikafika kooni kikavunjika, naye akainama juu ya kichwa cha mtoto ili asionekane. Chini ya mteremko lori likapiga honi, mara mbili fupi, kama Wanjala alivyozoea. Kuku wakainua shingo. Nabalayo hakusogea, hakusema.

Obwona aliweka brashi chini. Akaisukuma buti kwa mguu mpaka ikalala ubavu vumbini. Akaliviringisha yai lile ndani ya kitambaa cha kupigia rangi, upande usio na rangi, akalitia mfukoni mwa shati, karibu na mwili, penye joto.

"Mama Akullo," akasema, "mimi naogopa. Toka mwaka wa sabini na moja mimi naogopa. Mimi nataka kwenda kwenu."