Ufunguo Uko Kwaya

…na ufunguo uko kwaya, ndivyo alivyosema huyu mgambo Stambuli, uso mkavu, utadhani ufunguo wenyewe unaimba sauti ya pili, kumbe anao Paskalia, karani wa kizuizi cha ushuru wa mazao, na Paskalia yuko kanisani kwenye mazoezi ya Krismasi, kwa hiyo serikali nzima ya barabara hii ya mlimani imesimama ikingoja wimbo uishe, mnyororo umekaza, kuku wanapita chini yake, bodaboda zinapita pembeni, ni wao tu na pikapu yao yenye gunia la mchele wasioweza kupita, na Editha kwenye kiti anataka kucheka na kulia kwa pamoja, maana kwa mama yake panaonekana, lile bati jekundu pale juu ya kabichi, moshi unatoka jikoni, watakuwa wanachemsha njegere, watoto wa dada Ester watakuwa wameshaliona gari na kugombania nani akimbie kwanza, Krismasi zote tangu aolewe amekula Marangu kwa kina Jonathan, kila Desemba kaskazini, na mwaka huu, Mungu wangu, mwaka huu mume mwenyewe ndiye aliyesema twende kwenu… "Kizuizi ni cha mazao yanayoshuka," Jonathan anasema pale nje, mikono kiunoni, "sisi tunapanda, ndugu yangu." "Utaratibu haukusema kupanda wala kushuka, umesema mazao. Mchele ni zao." "Mchele wa Turiani!" "Basi ni zao la Turiani," anakubali Stambuli kwa adabu zote, na Editha anauma kanga asiangue kicheko, kicheko kinamkwama, kwa sababu lile neno bado limo kooni, lile alilokuwa alitamke Dumila akalimeza na hindi la kuchoma, akawa alitamke Morogoro mjini, wakawa wanatia mafuta, neno lenyewe fupi tu, mume wangu, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, basi, lakini utamwambiaje mtu ambaye baba yake alimshika mkono Krismasi iliyopita akampeleka ndani ya migomba, akachora kwa fimbo, hapa shamba la ukoo wetu, kihamba chako, hapa cha mwanao, na mwana mwenyewe hata hakuwa ametungwa, na kesho baada ya misa Mjomba Bonifasi atasimama na kikombe chake cha togwa, kama alivyosimama kwa Ester, atawatangazia wote kwamba mtoto ni wetu na shamba lake lile pale, na Jonathan atatabasamu lile tabasamu lake la kwenye misiba, ndio utakuwa mwisho, Krismasi zote hadi uzee ni Marangu, na tangu Dumila hajasema neno, anaendesha tu midomo ikichezacheza kama mwenye hasira, ameijua desturi yetu? hajui, nani angemwambia, mimba hii wameambiwa yeye na mama peke yao, kwa siri, mjomba atasikia leo tukifika… fungua mlango, Editha, shuka, mwambie sasa kabla wimbo haujaisha, na hapo kitu kinamcheza chini ya kitovu, kama samaki, ni barabara hii mbovu, lakini gari limesimama, gari limesimama! na huko nje Stambuli anauliza, "Mnakwenda kwa nani?" "Kwa Mzee Bonifasi." "Mzigo mwingine?" "Mchele, sukari, na mtoto wenu." "Mtoto wetu yupi?" "Bado hajazaliwa. Yumo humo na mama yake. Mzee alinipigia simu juzi, kaniambia na kipande chake cha shamba kilipo, kina miti ya matunda ya plamsi, akaniuliza kama baba mtu nimeridhika." …mama! Editha alisahau kwamba mama yake na siri hawajawahi kulala nyumba moja… "Ukamjibuje?" "Nikamwambia nimeridhika, ila jina nampa mimi. Sasa toka Dumila nalitafuta, kila nikilipata halifai, moja la babu mlevi, jingine la shangazi mgomvi," na Stambuli anacheka hadi kofia inamdondoka, "Ah, shemeji! Si ungesema toka mwanzo kwamba wewe ni shemeji!" "Kwa hiyo unafungua?" "Ningefungua, shemeji. Ufunguo uko kwaya," na Editha anajifuta macho kwa kanga ileile, midomo ile kumbe ilikuwa inajaribu majina, barabara nzima, na yeye akahesabu ni hasira, anashusha kioo ili amwite, amwambie mtoto amecheza, njoo uweke mkono, lakini kule kanisani wamekosea tena, mwalimu wao anagonga meza, wanaanza upya kutoka ubeti wa kwanza, na mnyororo umekaza vilevile, na bati jekundu liko palepale, waimbe tu, anawaza, mkono tumboni, waimbe beti zote, hakuna anayechelewa.