Mvua ya Kwanza Baada ya Ukuta

...na mikeka ameshaitandika yote, kuanzia mlangoni hadi kwenye cherehani, na chai imeiva katika sufuria ile kubwa ya kupikia watu wengi, sasa Mzee wa Juu amesimama kichwani mwa ngazi, mlango ameuacha wazi, anasikiliza, mvua inapiga mabati kama imetumwa, mto unanguruma nyuma ya ukuta, aa, hii si mvua ya mchezo, watakuja tu, iliyowaleta mwaka juzi ilikuwa manyunyu ukilinganisha na hii, kila mtu na godoro lake kichwani, maana katika mtaa mzima huu wa kando ya mto nyumba yenye ghorofa ni hii yake peke yake, na maji yakishaingia chini nani atakumbuka kwamba fulani na fulani hawasalimiani, watu wanapanda, basi... marehemu mama watoto ndiye aliyekuwa akigawa nafasi, wewe Mama Pacha lala pale dirishani na wanao, wewe Fundi Viatu nenda mbali kabisa, unakoroma kama katapila, na watu wanacheka, nguo zinachuruzika maji na bado wanacheka, na yeye, fundi cherehani asiye na maneno mengi, anajifanya kunung'unika, nyumba yangu mmeigeuza stendi, huku moyo umemjaa tele, na kukipambazuka anaomba kimoyomoyo maji yachelewe kupungua, Mungu amsamehe, maana huko chini watu walikuwa wanapoteza vitanda, unga, madaftari ya watoto, kuna mwaka pacha mmoja aliharisha mpaka akaishiwa nguvu kwa sababu ya maji yale machafu na yeye alikuwa anafurahia wageni... hapana, alimbeba mtoto yule mgongoni hadi zahanati, magoti ndani ya tope... alimbeba, ndiyo, na wageni aliwafurahia pia, yote mawili yalikuwamo.

Halafu wakaja watu wa mradi na kofia zao ngumu, wakachimba mto ukapata kina, wakasimamisha ukuta wa zege, wakafunga pampu pale darajani, mtaa ukapiga vigelegele na yeye akapiga makofi, angefanyaje, na binti yake akampigia simu kutoka huko alikoolewa, baba, sasa utapumzika, hakuna tena kulala na mtaa mzima sebuleni, akajibu ndiyo mwanangu, nitapumzika, na mama yake binti hata zege halijakauka vizuri akafariki, watu wakaja msibani, wakakaa, wakapika, wakaondoka, kila mmoja mlangoni akisema tupo, mzee, ukihitaji lolote sisi tupo... tangu hapo hajahitaji lolote, hilo ndilo tatizo, chumvi ipo, sukari ipo...

"Jirani, kwako yameingia?" Ni Mama Pacha, huko chini, anapaza sauti kuvuka kichochoro. "Hata tone," Fundi Viatu anajibu. "Ukuta umeshika. Leo nalala kitandani kwangu kama bosi." Wanacheka, na mzee naye anatabasamu huku juu, halafu Mama Pacha anauliza, "Na mzee je?" na moyo unamruka, semeni twende tukamwone, semeni... "Kimya. Atakuwa amelala." "Basi tumwache. Tumemsumbua miaka yote hiyo, naye apumzike."

Sijalala, anasema, lakini anasema ndani kwa ndani, apumzike, apumzike, kila mtu anampumzisha, na wala si kwa ubaya, afadhali ingekuwa kwa ubaya angekasirika yakaisha, wanampenda na wanamwacha peke yake, na ukuta nao, si ungepata ufa, ufa mdogo tu, maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu... we mzee, una akili kweli, mtu mzima na mvi zako unaomba magodoro ya watu yalowe ili upate wa kumimina chai, aibu inampanda hadi masikioni, peke yake pale, hakuna hata wa kumwona... na kushuka je, ngazi si hizi hizi, zinapandisha na zinashusha, lakini ashuke akaseme nini, miaka yote hii hajawahi kukanyaga ndani kwa Mama Pacha, hajui hata kama ana kiti cha mgeni, yeye alizoea kufuatwa, karibu, karibuni, sogeeni ndani, hayo anayajua, lakini kwenda mlangoni kwa mtu bila mafuriko, bila msiba, bila shida yoyote isipokuwa kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, hilo linaanzaje... hodi, anajaribu, taratibu, kuziambia ngazi, na sauti inatoka na mikwaruzo, ya mtu ambaye hajaongea tangu asubuhi, anakohoa, anasafisha koo, mvua ni ile ile, mguu bado haujasogea, hodi, anasema tena, hodi, Mama Pacha, ni mimi, sina shida.