Kitanda cha Kumgeuza Mama

Dada yangu ni mkaguzi wa hataza. Kazi yake ni kusema kama kitu ulichobuni ni chako kweli au kuna mwingine duniani aliyekuwahi, na kwa kazi hiyo ukoo mzima unamheshimu. Mimi ni seremala, na ukoo mzima unanikumbuka mlango ukikwama.

Mama alipopooza, nani aende kukaa naye halikuwa swali. Dada ana ofisi, mimi nina randa, na randa inahamia popote. Nikahamia. Kulala chali kukamletea mama vidonda vya mgongo, na kila nikimgeuza kwa mikono alikuwa anaumia mpaka ananing'ata. Ndipo nikaunda kile kitanda: mkanda mpana wa turubai chini ya mwili, roli kila upande, na mpini. Unazungusha taratibu, mama anageuka ubavu bila kushikwa. Vidonda vikakauka. Daktari wake akakizunguka kitanda akitikisa kichwa, akaniambia nikakisajili kabla mjanja mmoja hajaniibia.

Niliitaka hataza ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Utajiri sikuuwazia. Nilitaka iandikwe mahali, kwa muhuri wa serikali, kwamba miaka ile sikukaa bure nyumbani kwa mama.

Dada haruhusiwi kukagua ombi la ndugu yake, kwa hiyo likaenda kwa mwenzake. Lakini alinieleza mambo yanavyokwenda, maana akianza kuzungumzia kazi yake humnyamazishi.

"Kila uvumbuzi unapewa herufi na namba, mdogo wangu, na karibu nchi zote zinatumia zilezile. Mahitaji ya binadamu ni A. Humo ndani kuna fungu la kubeba na kulaza wagonjwa. Mtu aandike kwa lugha nisiyoijua hata salamu, nikifungua namba ile nauona mchoro wake."

"Na kwenye fungu hilo vitanda vinakaa na nani?"

"Viti vya magurudumu. Viti vya madaktari wa meno. Mwishoni, majeneza."

Nilicheka peke yangu.

Mwenzake akapekua vitanda, nchi baada ya nchi, hakuona kinachofanana na changu. Habari hizo zikanifikia, kichwa kikavimba, nikachagua hadi ukuta wa kutundika cheti. Kisha ikaja barua ya kukataa, imeambatanishwa mchoro wa nchi ya mbali, wa zamani kuliko mimi. Turubai, roli mbili, mpini. Kilikuwa kifaa cha kumlazia marehemu kwenye jeneza. Barua ilisema kumweka mtu aliye hai badala ya maiti hakukifanyi kiwe kipya.

Jumapili dada akaja. Hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Ni mimi niliyemwambia mwenzangu afungue na majeneza," akasema. "Mchoro ule niliwahi kuuona. Ningenyamaza, ingekuwa uongo umepita mbele ya macho yangu."

"Kunyamaza unakuweza, dada. Miaka yote hii mama anaumwa, mbona umenyamaza vizuri tu?"

"Usinichanganyie mambo. Ile ni kazi."

"Na hii?"

Nilimchukia, na kilichonikata maini zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Kitu kilikuwa cha mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Mama, ambaye tulidhani amelala, akafungua macho. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini akili haikupungua hata chembe.

"Wamekataa nini?"

Dada akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza kwa sauti ya kubembeleza mtoto: kuna mtu huko nje, zamani sana, alishaunda kitu kama hiki.

"Yeye alikuwa anamgeuza nani?"

Dada akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia.

"Maiti, mama."

Mama akayapeleka macho kwenye mpini.

"Basi hawajakosea," akasema.

Dada akaangua kilio palepale sakafuni. Mimi hasira zote ziliniishia, nikajiona sina ninachomdai mtu. Muda wa kumgeuza mama ulikuwa umefika. Nikashika mpini, nikamuuliza anataka upande gani, akasema ukutani.