Ukuta Uliobebwa Kichwani

Mwaka ule nyota yenye mkia ilipoonekana angani, Mdachi wa kituo cha ufukweni alitangaza kwamba nyumba za waanzilishi zitasimamishwa katika bustani aliyoipanda kando ya ziwa, kila mpita njia azione. Alikwisha kuhamishia huko kibanda cha wamisionari wa kwanza na duka la mfanyabiashara wa kwanza. Mzee Angetile wa Bujonde aliposikia, alicheka mpaka akapaliwa. Waanzilishi gani hao? Walipofika na mahema yao, wakihara na kutetemeka kwa homa, ndizi walipewa na nani kama si watu waliokuwa na nyumba zao tayari? Akachukua fimbo, akaenda kumwambia hivyo hivyo. Mdachi, tumpe haki yake, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi nyumba ya hao waliotangulia iletwe kabla ya Jumapili, siku bustani itakapofunguliwa.

Nyumba hiyo ilijengwa na babu yake Angetile, mtu wa kwanza kufyeka matete ya pale. Ilikuwa ya mianzi, ya duara, kuta zake zimetanuka juu kama tenga, na mto Kiwira ulikwisha kula uwanja wake hadi karibu na kizingiti. Mvua moja tu, kwisha habari yake. Kufungua mianzi na kubeba paa zima zima, hilo vijana waliliweza. Tatizo lilikuwa pale ndani, juu ya mafiga. Bibi wa ukoo ule, mke wa huyo babu, siku alipomaliza kukandika, aliacha viganja vyake viwili kwenye udongo mbichi. Udongo ulikauka, bibi akafa, viganja vikabaki. Kila mtu alisema ukiugusa ukuta ule utabaki na vumbi mkononi.

Anyisile peke yake alisema utahama. Huyu alikuwa mke wa Yotamu, mwana wa Angetile, na kwao ni Wakisi wa ufukweni, watu wa kufinyanga, ambao vyungu vyao huvuka ziwa na kupanda milima bila kupata ufa. Lakini hakumwambia mzee. Angemwambiaje? Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi, na akisikia anakuja, hutoka njiani akajificha majanini. Tangu aolewe, Anyisile alikijua kikohozi cha mzee kuliko sura yake. Basi alimwambia mama mkwe, Neli, na Neli akalifikisha neno.

Jibu lilirudi kali. "Auchukue. Ukivunjika, arudi kwao akafinyange vyungu."

Neli alilisema taratibu ili lisiume, lakini liliuma. Anyisile hakulia. Alitandika majani mabichi ya mgomba juu ya viganja, akanyunyizia maji kidogo kidogo mpaka udongo ukalegea bila kulainika. Akakata kipande upana wa sinia pamoja na mianzi iliyokishikilia, akakifunga kwa magome ya mgomba. Moyoni alikuwa akijisemea kwamba leo watajua yeye ni binti wa nani.

Jumamosi wanaume walitangulia na paa, Angetile mbele yao. Wanawake walingoja makusudi wafike mbali, ndipo wakamtwisha Anyisile mzigo juu ya ngata. Ulikuwa mzito hasa, shingo ikaingia mabegani. Neli alimfuata nyuma. Walitembea polepole mpaka wakaingia kwenye tuta jembamba linalokatiza kinamasi, maji na tope huku na huku.

Kumbe mzee roho haikumtulia. Aliwaachia wengine paa, akageuka kuja kuangalia ukuta wa bibi yake umefikia wapi. Nyuma yake walikuja vijana kufuata mianzi iliyosalia. Anyisile alisikia kile kikohozi mbele yake, karibu mno.

"Ni baba mkwe wako," Neli alinong'ona. "Shuka."

"Nikishuka, mama, ukuta utavunjika."

"Usiposhuka utaitwa mtovu wa adabu mpaka siku ya kuzikwa kwako. Shuka, mwanangu."

Neli hakuwa akimtisha bure. Wapo walioachwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Anyisile alilitazama tope. Hatua moja tu, na mguu ungezama mpaka gotini, na mzigo ungekwenda. Hakuweza kuinama wala kujifunika uso, maana mikono yote miwili ilikuwa juu. Akafanya heshima pekee iliyombakia. Alifumba macho, akasimama palepale.

Kikohozi kilinyamaza. Kikafuata kishindo cha maji.

Mzee Angetile, na nguo yake nyeupe aliyoivaa kwa ajili ya Mdachi, alikuwa ameshuka kwenye kinamasi. Tope lilimfika mapajani. Aliipa njia mgongo, akajifunika uso kwa mkono ili mkwe wake apite bila aibu. Kijana mmoja akashindwa kujizuia. "Mzee, leo wewe ndiye unayempisha mkwe?"

"Nampisha bibi yangu," Angetile alijibu, bila kugeuka. "Alifika hapa kabla ya watu wote, na hapo alipo amebebwa na mtu anayejua kubeba. Ninyi mnasimama mbele yake kama nani?"

"Twende," Neli alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Njia nyeupe."

Anyisile alifumbua macho, akayakaza mbele, akapita shingo imenyooka. Alisikia vijana nao wakishuka majini, mmoja baada ya mwingine, mpaka tuta lote likabaki lake.